Kipande cha Raba Kilichokosekana

Kama pikipiki yako ni ya zamani na upande wa kushoto wa injini umeanza kulia kra-kra-kra asubuhi, kama sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo la maziwa ya unga, soma haya kabla hujafungua bolti hata moja. Mwezi uliopita vijana wawili wa steji yetu hapa Malaba waliniletea pikipiki zao zikiwa na tatizo lilelile lililowahi kuniharibia injini, na wote wawili walikuwa wameshapewa ushauri uleule niliopewa mimi: kata raba ya tairi, bandika kwenye vijiti vinavyotuliza cheni ya taimingi, funga, endelea na safari. Nawaomba msibandike.

Pikipiki yangu ni Honda XL185S ya miaka ya 1980. Ilikuwa ya marehemu baba yangu mdogo, bwana shamba aliyezunguka nayo kwa wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kuanzia Mbale hadi Sipi na kurudi, mvua ikinyesha au vumbi likipepea. Alipofariki niliirithi pamoja na boksi la spana na daftari alimoandika kila siku aliyomwaga oili. Kurasa za mwisho zilikuwa tupu, maana aliugua muda mrefu na watu wengine ndio waliokuwa wakiiendesha. Sasa najua raba za vijiti hivyo zilianza kuliwa wakati ule.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Kwenye injini ya namna hii kamshafti inayofungua valvu iko juu, ndani ya hedi (kichwa cha injini), na krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, iko chini. Kinachoziunganisha ni cheni ndogo ya taimingi inayopita ndani ya tundu refu pembeni mwa bloku. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Cheni hiyo ikiachwa peke yake itapiga kuta za lile tundu, kwa hiyo imewekewa vijiti viwili virefu vya kuituliza, kimoja mbele na kimoja nyuma. Mafundi wengi wanaviita raba za taimingi, nami nitaviita hivyo, ingawa mwili wake ni chuma au plastiki ngumu na raba ni ngozi ya juu tu. Ya mbele imetulia pale ilipo, haisogei. Ya nyuma inasukumwa na tenshena, kifaa cha kukazia cheni. Mpangilio huo una sababu yake. Ukitazama injini kutoka kushoto, krenki inazunguka kinyume cha saa na kuvuta cheni kwenda chini kwa upande wa mbele, kwa hiyo mbele cheni imekaza muda wote na nyuma ndiko inakolegea. Ulegevu huo ndio unaoondolewa na tenshena.

Kabla ya kuendelea, hakikisha pikipiki yako ina cheni hiyo. Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, na zile nyingi za Kichina zilizoigwa kutoka kwake, zinafungua valvu kwa vijiti vya kusukuma na hazina cheni ya taimingi kabisa. Ukisikia kelele kwenye injini ya namna hiyo, tafuta chanzo kingine. Boxer na TVS Star za bodaboda zina kamshafti juu na cheni pembeni, kwa hiyo mengi ninayoeleza hapa yanazihusu pia.

Kelele yenyewe ina tabia yake. Valvu zikilegea utasikia tik-tik-tik ya kufuatana kutoka juu ya hedi, inayoongezeka kasi kadiri unavyozungusha mpini kuongeza moto. Cheni ya taimingi inakwaruza. Inasikika zaidi injini ikiwa ya baridi na ikinguruma polepole, hupungua ukivuta moto, halafu unapoachia ghafla inarudi kwa fujo. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye bloku upande wa kushoto na mpini kwenye sikio lako, mwenzako avute moto na kuachia. Utaisikia kana kwamba umeingiza kichwa ndani. Angalia tu kitambaa cha shingo na mikono ya shati, visije vikakaribia cheni kubwa ya nyuma.

Mimi niliisikia mwaka 2017. Nikafungua hedi mwenyewe, nikakuta raba ya mbele imechimbwa mifereji miwili hadi chuma kinang'aa, na ncha yake ya juu imemeguka. Sikupata nyingine Tororo wala Mbale. Rafiki yangu mmoja, mwendeshaji wa siku nyingi, akaniambia twende kwa mshona lugabire, zile ndala za tairi, atukatie utepe mwembamba. Akaukata vizuri sana, sawa kabisa na upana wa kile kijiti. Tukapiga msasa, tukabandika kwa gundi ya chuma ya tyubu mbili, tukaacha ikauke usiku kucha. Injini ilinyamaza kabisa. Nilifurahi, na wiki tatu nzima nilikuwa nikiwaambia watu kwamba inawezekana.

Siku ya mwisho ya wiki ya tatu nilikuwa napanda kwenda Kapchorwa. Nilishaipita Sironko, na mlima ulikuwa umeanza kukaza, niliposikia mlio mwembamba kutoka juu ya injini, kama mlango usiotiwa mafuta. Sikusimama mara moja, na hilo bado linaniuma. Nilidhani ni joto. Baada ya kona mbili injini ilijikaza na tairi la nyuma likaburuzika. Nilirudi Mbale nyuma ya pikapu iliyobeba kabichi, nimeshikilia pikipiki ya baba mdogo isianguke.

Fundi aliyenipokea alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, anafanya kazi chini ya mwembe na haongei sana. Alifungua kava la upande wa kulia kabla hata ya kugusa hedi. Ndani kuna chujio la waya ambalo oili hupita kabla ya kuvutwa na pampu. Alilichomoa na kunionesha bila neno. Lilikuwa limefunikwa na utelezi mweusi wa raba ya tairi iliyovimba na kukatikakatika, na katikati yake kipande kizima chenye ukubwa wa punje ya harage kimeziba waya kama kizibo. Pampu haikuwa na oili ya kuvuta. Kwenye injini hii kamshafti haizunguki juu ya beringi. Inalala moja kwa moja kwenye aluminiamu ya hedi, na utando wa oili pekee ndio unaozitenganisha. Oili ilipokatika, chuma kilishikana na aluminiamu. Hedi ya Honda ya baba mdogo ilikuwa imechimbika makovu ambayo kucha inakwama ukiipitisha.

Baadaye nilifanya jaribio ambalo nawasihi mfanye pia kama bado mnashawishika kubandika. Nilitia kipande cha raba ya tairi kwenye chupa ya jamu yenye oili ya injini, nikaiweka darini chini ya bati penye joto. Baada ya wiki moja kilikuwa kimenenepa, kingo zimekuwa laini kama mkate uliolowa chai, na ukikigusa kwa msumari kinaacha unga mweusi. Raba ya tairi imetengenezwa kwa ajili ya barabara, na oili huila. Ile iliyo kwenye kijiti cha taimingi ni raba ya aina nyingine inayostahimili oili ya moto, na imeunganishwa na chuma kiwandani kwa joto na shinikizo, haikupakwa gundi kutoka kwenye tyubu.

Lakini somo kubwa zaidi nililipata siku ya kufunga. Nilikuwa nimepata hedi nyingine iliyotumika na raba mpya zote mbili, na mkono uliniwasha kumaliza. Nikasema, "Mzee, kila kitu kiko safi. Tufunge." Akaniuliza, "Ile ncha iliyomeguka kwenye raba ya zamani iko wapi?" Nikajibu kwamba labda ilitoka zamani na oili. Akatandaza gazeti chini, akapanga juu yake ile raba ya zamani na kila kipande tulichokuwa tumekitoa kwenye chujio na chini ya krenki, akivisogeza kwa ncha ya bisibisi mpaka vikakaa mahali pake. Palibaki pengo dogo, kama ukucha wa kidole kidogo. "Hiki bado kimo ndani, mwanangu," akasema, "na mimi sifungi injini yenye mgeni."

Tulikitafuta kwa karibu saa mbili. Raba haivutwi na sumaku, kwa hiyo alinyoosha spoki ya zamani, akaikunja ncha kama ndoano, akaipitisha polepole kuzunguka sproketi ya chini, ile gia yenye meno inayoshika cheni, huku mimi nikimulika kwa tochi. Kilikuwa kimejibana kati ya sproketi hiyo ya krenki na ukuta wa krenkesi (sanduku la chini la injini), mahali ambapo kingekaa kimya siku nyingi kisha kingepanda juu ya jino na kurusha cheni. Alipokitoa alikiweka kwenye pengo la gazeti, kikaingia sawasawa. Tangu siku hiyo sijafunga injini yoyote bila kutandaza gazeti. Kinachokosekana kwenye raba hakikuyeyuka. Kimo humo ndani, na kazi ya kukitafuta ni sehemu ya matengenezo kama kukaza bolti.

Sasa kazi yenyewe. Mwaga oili ikiwa bado ina uvuguvugu, na uipitishe kwenye kitambaa cheupe ili uone ilichobeba. Vumbi jeusi lenye kunyumbulika kidogo ni raba, na vipande vinavyong'aa ni chuma, dalili kwamba raba imeshaisha na cheni inakata kijiti chenyewe. Toa kizibo cha kava la kushoto, shika nati ya magneti, lile gurudumu lenye sumaku kwenye ncha ya krenki, kwa spana ya boksi, uzungushe injini kinyume cha saa mpaka alama ya T (pistoni ikiwa juu kabisa) iwe sawa na alama ya kava. Hakikisha roka zote mbili, ile mikono inayosukuma valvu, zina nafasi ukizitikisa kwa kidole. Zikiwa zimebana, zungusha mzunguko mmoja zaidi, maana pistoni ilikuwa juu lakini si kwenye mbano.

Chora au piga picha ya alama za sproketi ya juu kabla hujaigusa. Kisha legeza tenshena, ndipo utoe sproketi. Tenshena ikishatoka, usithubutu kupiga kiki wala kuzungusha injini bila kushika cheni, kwa sababu itaruka meno. Na jino moja si jambo dogo. Sproketi ya juu ikiwa na meno 30, kwa mfano, jino moja ni digrii 12 za kamshafti, ambazo ni digrii 24 za krenki. Injini itakataa kuwaka, au itawaka bila nguvu na kuchemka. Meno yakiruka mengi, valvu inaweza kukutana na pistoni. Ifunge cheni kwa waya mara tu inapoachia sproketi, na uzibe tundu lake kwa kitambaa safi. Bolti ndogo ya sproketi ikitumbukia humo, itabidi uende kuitafuta chini kabisa.

Raba ya mbele inatoka kwa juu ukishaondoa hedi. Ya nyuma mara nyingi imeshikwa chini karibu na krenki, kwa hiyo magneti lazima itoke, na magneti inatolewa kwa pula yake tu, kifaa cha kuivutia nje. Nimeona magneti iliyogongwa kwa nyundo na sumaku zake zikapasuka. Kama huna pula, azima.

Ukishazishika mkononi, zitazame kwenye mwanga wa jua. Alama mbili nyembamba za njia ya cheni ni za kawaida, hata raba nzima inazo. Ya kutupwa ni ile iliyochimbika mpaka chuma kinaonekana, iliyopasuka, iliyoanza kubanduka kingo, au iliyokauka mpaka ukibonyeza kwa kucha hairudi. Hiyo ya mwisho inawadanganya wengi. Kwa macho ni nzima, lakini imekuwa ngumu kama pembe na itavunjika.

Halafu jiulize kwa nini imeliwa. Raba haifi yenyewe mapema. Ama oili ilichakaa au kupungua, ama cheni imerefuka, ama tenshena imekwama. Ukibadilisha raba peke yake na kuacha chanzo, utarudi hapohapo. Ishike cheni kwa ubavu, kama unavyoshika kipande cha miwa kwa ncha moja. Ikiinama sana na viungo vingine vikiwa vigumu kukunjika, ibadilishe. Angalia pia meno ya sproketi. Mimi nabadilisha cheni na raba zote mbili kwa pamoja, maana kazi ya kufungua ni ileile, na cheni iliyorefuka inaitafuna raba mpya kwa haraka.

Tenshena inahitaji subira. Kwenye zinazojisukuma zenyewe, kama za Boxer, kidole chake kinatoka hatua kwa hatua na hakirudi nyuma. Ukifunga raba mpya huku kidole kimechomoza, unaikaza cheni kupita kiasi, na nimeona raba mpya ikivunjika siku ya kwanza kwa sababu hiyo. Bonyeza kile kikwamishi kidogo, rudisha kidole ndani kabisa, funga tenshena, ndipo umalizie na springi ili ijisukume kwa kipimo chake. Kwenye Honda nyingi za enzi ya XL tenshena imefungwa kwa bolti. Unailegeza ili springi isukume, kisha unakaza, na kazi hiyo inapaswa kurudiwa kila baada ya muda. Baba mdogo alikuwa akiifanya, imo kwenye daftari. Kuna wanaoongeza washa (kipete cha chuma) nyuma ya springi ili kelele ikome. Kelele inakoma kweli, lakini raba inaliwa haraka zaidi na cheni inavutwa bure.

Raba za pikipiki za zamani hazipatikani kila mji. Mimi nilizipata Kampala, soko la Kisekka, baada ya kuzunguka asubuhi nzima. Usiende na jina la pikipiki peke yake. Nenda na raba ya zamani ndani ya mfuko, uiweke ubavuni mwa ile mpya pale pale dukani. Linganisha urefu, mkunjo, unene wa ncha na tundu la bolti. Tofauti ya milimita mbili kwenye mkunjo huwezi kuiona ukiwa umeshikilia moja tu. Pitisha ukucha pembeni mahali raba inapokutana na chuma. Kama inainuka, irudishe. Ukikosa mpya kabisa, afadhali utoe iliyo nzima kwenye injini chakavu ya aina ileile kuliko kuumba ya kwako.

Wakati wa kufunga, ingiza raba ya mbele mpaka ikae kwenye kikombe chake cha chini, uitikise kuhakikisha. Ikining'inia nusu, gasketi ya hedi haitakaa. Tumia gasketi mpya, na kaza bolti za hedi kwa zamu, kimsalaba, kidogo kidogo, kwa spana ya kupima nguvu na kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Paka oili kwenye kamshafti na ujaze vikombe vyake kabla ya kufunika, ili isizunguke kavu sekunde za kwanza. Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole. Ikikwama mahali, usilazimishe, fungua utazame. Ikipita, rudisha alama ya T na uthibitishe kwamba alama za juu bado ziko sawa, kisha pima nafasi ya valvu injini ikiwa ya baridi.

Pima oili ukiwa kwenye ardhi tambarare. Kwenye Honda kijiti cha oili kinapimwa kikiwa kimetumbukizwa tu, bila kukisokota. Ukikisokota kinakuonesha oili nyingi kuliko iliyomo.

Mimi huendesha kilomita 300 za kwanza taratibu, kisha namwaga oili hata kama bado ina rangi ya asali, nafungua kava la kulia na kuchomoa chujio. Mara ya kwanza baada ya kazi ile ya mzee nilikuta chembe mbili nyeusi, ndogo kuliko ufuta. Nikazipangusa, nikarudisha kava. Mara ya pili chujio lilikuwa jeupe. Nikafungua daftari la baba mdogo kwenye ukurasa wa kwanza uliokuwa tupu, nikaandika tarehe na kilomita, kisha wikendi ile nikapanda nayo hadi Kapchorwa, nikiizima mara mbili njiani ili nisikilize inavyowaka upya.